Uturi wa Viungo na Matunda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mafuta ya manukato yenye matunda juu na viungo katikati: chenza, balungi, plamu au pichi, kisha karafuu, mdalasini na iliki, na chini kabisa vanila, sandali na miski. Ni uturi unaopendwa sana na kulalamikiwa sana. Karibu malalamiko yote yana chanzo kimoja: mnunuzi ameuhukumu kwenye kizibo badala ya kuusubiri mwilini. Ndiyo maana sehemu ya pili hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

## Mambo ya msingi

Uturi una tofauti gani na marashi ya kupuliza?

Marashi ya kupuliza ni manukato yaliyoyeyushwa ndani ya spiriti. Uturi hauna spiriti. Ni mafuta ya kunukia yenyewe, au mafuta hayo yaliyochanganywa na kitu kizito kisicho na harufu kali, kama mafuta ya sandali, mafuta ya jojoba au kimiminika cha kiwandani kinachoyashika manukato yasiruke haraka.

Zipo njia mbili za kuutengeneza. Ya kale bado inafanyika Kannauj, kaskazini mwa India: maua au viungo hupikwa na maji katika chungu cha shaba, mvuke ukapita kwenye mwanzi hadi kwenye chombo chenye mafuta ya sandali, na sandali ikainywa harufu ile. Njia ya pili ni kuchanganya: mtu hukusanya mafuta na manukato mbalimbali akayapima mpaka yakapatana. Uturi wa viungo na matunda karibu wote ni wa njia hii ya pili, kwa sababu matunda mengi hayakubali kukenekwa, yaani kutolewa harufu kwa mvuke namna hiyo. Hilo linaelezwa katika swali linalofuata.

Je, karafuu iliyomo ni ya kweli? Na matunda je?

Karafuu, kwa kawaida, ndiyo. Mafuta yake yanapatikana kwa wingi na hayana bei ya kutisha. Pemba, kule Wawi, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mafuta ya makonyo ni makali na makavu zaidi. Mafuta ya karafuu yenyewe ni ya mviringo, yana utamu wa mbali unaokaribia tunda, na kwa uturi huu ndiyo ninayoyapendelea. Yote mawili yamejaa eujenoli, kiini kinachoipa karafuu harufu yake.

Mdalasini nao una sura mbili. Mafuta ya gome ni matamu na ya moto. Mafuta ya majani yananukia karibu na karafuu, kwa sababu nayo yana eujenoli nyingi. Ukisikia mdalasini ambao ni karafuu tupu, huenda majani ndiyo yaliyotumika.

Matunda ni habari nyingine. Jamii ya machungwa, yaani chungwa, chenza, ndimu, danzi na balungi, ina mafuta kwenye ganda. Hukamuliwa, na harufu unayoipata ni ya tunda lenyewe. Lakini embe, plamu, pichi, nanasi na tufaha hazitoi mafuta ya kunukia ya kufaa kwa kukamua wala kukeneka. Harufu zake hujengwa na mtengenezaji kutoka kwenye molekuli moja moja. Hapa hapana udanganyifu. Tangu 1919, Jacques Guerlain alipoweka harufu ya pichi ya maabara ndani ya marashi yake yaitwayo Mitsouko, wanukishaji wakubwa wa Ufaransa wanafanya hivyohivyo. Udanganyifu ni kumwambia mteja kwamba embe yake imekamuliwa kutoka kwenye embe.

Kwa nini hauvumi chumbani kama marashi ya kupuliza?

Spiriti inaporuka hubeba manukato na kuyatupa hewani kwa kishindo. Mafuta hayafanyi hivyo. Yanakaa ngozini na kuachia harufu taratibu, kadiri mwili unavyoyapasha. Kwa hiyo uturi husikika na aliye karibu nawe: anayekusalimia kwa mkono, anayekukumbatia, aliyekaa nawe mkeka mmoja. Ukitaka kufika mlangoni kabla hujaingia, uturi peke yake haukufai. Tazama swali la kuuchanganya na udi.

Tola ni kiasi gani, na nipake matone mangapi?

Tola ni kipimo cha uzito cha Kihindi, takriban gramu 11.7, na chupa iitwayo ya tola moja huwa na mililita 12 hivi. Nusu tola ni mililita 6, robo ni 3. Kwa uturi wa viungo anza na robo.

Matone mawili yanatosha kwa siku nzima. Mtu aliyezoea kupuliza mara nane huona ni uchache, akaongeza, kisha viungo vikamkaba kooni mchana kutwa.

## Unavyobadilika mwilini

Harufu inapita hatua zipi tangu kupaka mpaka usiku?

Kila kiini ndani ya mchanganyiko kina wepesi wake wa kuruka. Limonini, inayotawala ganda la chungwa na chenza, huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi. Eujenoli ya karafuu huchemka kwenye nyuzi 254, na vanilini ya vanila kwenye 285. Ngozi ina nyuzi 33 hivi tu, kwa hiyo hakuna kinachochemka mkononi mwako, lakini mpangilio wa kuondoka ni uleule: mwepesi anatangulia, mzito anabaki.

Dakika za mwanzo ni za matunda ya ganda. Chenza inang'aa, balungi ina uchungu mtamu, na iliki inapita katikati yake kwa ubaridi kidogo, kwani iliki ni nyepesi kuliko viungo wenzake. Hapo ndipo watu hupenda na kununua. Nawasihi wasinunue hapo. Sehemu hii katika mafuta hudumu muda mrefu kidogo kuliko kwenye marashi ya kupuliza, lakini ndani ya nusu saa itakuwa imekwisha au imebaki kivuli.

Kisha huja kipindi kigumu, na kinahitaji subira. Ganda la machungwa limeondoka, vanila haijajitokeza, na karafuu na mdalasini zimebaki zenyewe mbele. Kwa dakika kama ishirini uturi unaweza kuwa mkali, mkavu, hata wa dawa. Wengi hukimbilia sabuni wakati huu.

Wakisubiri, karibu saa moja tangu kupaka, tunda la pili hupanda. Plamu na pichi hujengwa kwa viini vizito kuliko limonini, tena vinavyodumu saa nyingi, ndiyo maana hujitokeza wakati chenza imeshasahaulika. Tunda hili halina maji wala ubichi. Liko kama tende au zabibu kavu iliyolowekwa na mdalasini. Mchanganyiko mzuri huonekana hapa: karafuu inaacha kuwa kiungo cha chakula na kuwa joto ndani ya tunda. Kipindi hiki hudumu saa mbili, tatu, kwenye ngozi nyingine zaidi, na kwangu ndicho kinachostahili bei yote ya chupa.

Jioni hubaki vanila, sandali, miski na ubani kidogo kama mtengenezaji ameutia. Karafuu haipotei kabisa. Eujenoli ni ya kati, nayo huacha uzi mwembamba ndani ya sandali. Harufu ya mwisho hukaa juu ya ngozi kabisa, na asubuhi yake unaweza kuikuta kwenye mto.

Kwa nini kwenye chupa unanukia tunda, lakini mwilini unanukia pilau?

Kwenye kizibo unakutana na hewa iliyojikusanya juu ya mafuta, na hewa hiyo imejaa viini vyepesi tu. Chupa inakusimulia dakika tano za kwanza. Mwili unakusimulia siku.

Pilau nayo ina sababu. Karafuu, mdalasini na iliki kwa pamoja ndizo harufu ya sufuria zetu tangu utotoni, na pua ya mtu wa pwani huzitambua haraka kuliko pua ya mtu wa Ulaya, ambaye viungo hivyo humkumbusha keki za Krismasi. Uturi uleule, kumbukumbu mbili. Kinachoutoa uturi jikoni ni vitu ambavyo havimo kwenye pilau: sandali, ua, zafarani ya ngozi-ngozi, miski, tunda zito. Ukiona baada ya saa mbili bado ni pilau, basi mchanganyiko ule una viungo vingi na hauna mwili wa kuvibeba. Achana nao. Ukiwa pilau kwa nusu saa tu kisha ukageuka, una uturi mzuri mkononi.

Kwa nini kwangu ni mkali, lakini kwa dada yangu ni mtamu?

Kwanza ni ukavu. Ngozi kavu haina mafuta ya kuyashika manukato. Viini vyepesi huruka haraka na kumwacha mtu na karafuu mapema. Ngozi yenye mafuta hushikilia chenza na tunda kwa muda mrefu, na harufu yote inakuwa laini zaidi. Tofauti hii unaweza kuipunguza mwenyewe: paka vaselini nyembamba au losheni isiyo na harufu mahali hapo kabla ya uturi.

Pili ni joto la mwili na jasho. Tatu ni vile mlivyojipaka kabla: sabuni yenye harufu ya limau, mafuta ya nywele yenye nazi, dawa ya kwapa. Nazi hulifanya tunda la pichi kuwa tamu sana, kwa kuwa harufu ya nazi na ya pichi katika manukato hutokana na viini vya ukoo mmoja.

Nne ni pua yenyewe. Watu hawanusi sawa. Wapo wasiosikia kabisa aina fulani za miski za maabara. Kwao uturi unaoishia kwenye miski utaonekana umekwisha saa sita mchana, na jirani yao anausikia mpaka usiku.

Baada ya nusu saa siusikii tena. Umekwisha?

Mara nyingi haujaisha. Pua huzoea harufu isiyobadilika na kuacha kuitangaza, ili ibaki tayari kwa harufu mpya. Toka nje dakika kumi kisha rudi uinuse mkono, au muulize mtu aliyeingia sasa hivi. Kunusa kahawa, kama maduka mengi yanavyofanya, hakuna msaada wa pekee. Kunusa nguo yako safi au kiwiko kisichopakwa kunatosha.

Kosa linalofuata ni kuongeza tone, na tone jingine. Usifanye hivyo kabla hujauliza mtu.

Kwa nini unanikumbusha daktari wa meno?

Kwa sababu ni kiini kilekile. Eujenoli huchanganywa na oksaidi ya zinki kutengeneza saruji ya muda ya kuziba jino, na hutuliza maumivu. Mtu aliyeketi sana kwenye kiti kile atakutana nacho kila penye karafuu nyingi isiyo na utamu pembeni. Harufu hiyo hujitokeza zaidi katika kile kipindi kigumu nilichokieleza hapo juu. Kama kumbukumbu hiyo inakusumbua, tafuta uturi unaoegemea iliki, kungumanga na zafarani. Kuna joto bila hospitali.

Pasheni au balungi iliyomo inaninukia kama mkojo wa paka. Pua yangu ina kasoro?

Hapana, pua yako ni kali. Matunda kama pasheni na balungi yana viini vya salfa vyenye nguvu ya ajabu: kidogo mno ni tunda bivu, kikizidi ni paka. Wanukishaji hutumia viini vya namna hiyo kwa vipimo vidogo sana ili tunda lisiwe pipi. Mwilini, hasa penye joto, matunda matamu ya juu yakiondoka salfa inaweza kubaki peke yake kwa muda. Ikiwa haipiti baada ya nusu saa, mchanganyiko huo haukufai, hata kama wengine wanausifu.

## Kupaka, nguo na hali ya hewa

Nipake wapi?

Ndani ya kiwiko, nyuma ya masikio, shingoni chini ya nywele, na kifuani ndani ya nguo. Viganja na vifundo vya mikono vinasifiwa, lakini mikono inaoshwa mara nyingi, tena utakula nayo. Karafuu na mdalasini zitaingia kwenye ugali wako. Weka tone, gusa kwa kidole, basi. Kusugua mkono kwa mkono kunapasha mafuta na kuharakisha kuondoka kwa chenza. Shingoni na kifuani kuna tahadhari moja muhimu ya jua, tazama sehemu ya usalama.

Je, unafaa joto la Dar au Mombasa, au ni wa baridi?

Vitabu vya Ulaya huuweka kwenye majira ya baridi. Kwetu pwani watu wamevaa karafuu, udi na ambari katika joto la kaskazi kwa vizazi, kwa hiyo swali langu huwa ni kiasi na saa. Joto huharakisha kila kitu: chenza hukimbia, viungo hupanda mapema, na vanila nyingi hugeuka nzito na ya kunata. Hewa yenye unyevu nayo huifanya harufu isikike zaidi. Kwa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, tone moja asubuhi, na uchague wenye balungi na iliki nyingi kuliko vanila. Usiku wa harusi ni nafasi ya ule mzito.

Nairobi, Arusha, Njombe, au kwa aliye Toronto na Stockholm, ngozi ni baridi na kavu. Uturi hufunguka polepole, na kipindi kigumu cha viungo kinaweza kurefuka. Paka baada ya kuoga kwa maji ya moto, juu ya losheni.

Nikiuchanganya na udi, asumini au marashi mengine?

Udi ndio mwenzake bora. Fukiza nguo kwenye chetezo kwanza, vaa, kisha paka uturi mwilini. Moshi wa udi unakaa kwenye nyuzi za nguo na kuipa karafuu sakafu ya kusimamia. Watu wa Maskati na Ghuba huongeza marashi ya kupuliza juu ya vyote viwili; ukifanya hivyo chagua yenye waridi au sandali, usilete tunda la pili.

Asumini na kilua vinashindana na plamu. Langilangi inapatana nayo vizuri, labda kwa sababu yenyewe ina utamu wa tunda na kidokezo cha karafuu ndani yake. Na bibi harusi aliyesuguliwa singo tayari ana viungo na maua mwilini. Apake tone moja tu, nyuma ya shingo.

Utaharibu kanzu au buibui?

Kanzu nyeupe, ndiyo, na doa lake ni gumu. Eujenoli na vanilini hugeuka kahawia zikikaa na hewa, kwa hiyo doa lisiloonekana leo linaweza kujitokeza kabatini. Paka mwilini, subiri dakika chache ndipo uvae. Ukitaka lazima nguo inukie, gusa mshono wa ndani. Likitokea doa, mwagia unga wa muhogo au poda linyonye mafuta, kung'uta, kisha sugua na sabuni ya vyombo kabla ya kufua. Kwenye buibui jeusi doa halionekani sana, ila kitambaa chepesi hubaki na kiraka kinachong'aa.

## Usalama wa ngozi

Ngozi inawasha au inakuwa nyekundu. Ni kawaida?

Joto dogo la dakika mbili linaweza kutokea kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa. Mwasho unaoendelea si kawaida, osha mara moja. Maji peke yake hayaondoi mafuta: futa kwanza na pamba yenye mafuta ya kula, halafu sabuni.

Mdalasini wa gome ndio mshukiwa wa kwanza. Kiini chake kikuu ni miongoni mwa manukato yanayojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi, na kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya tasnia ya manukato hukiwekea kikomo. Eujenoli na limonini iliyozeeka zinafuata. Mzio wa aina hii hauji papo hapo. Huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Hivyo kabla ya kuanza uturi mpya, weka tone dogo ndani ya kiwiko, uache, utazame baada ya siku mbili. Ukishapata mzio wa kiini fulani, kwa kawaida unabaki nao maisha, na kiini hichohicho kitakukuta kwenye sabuni na dawa ya meno. Umoja wa Ulaya hulazimisha watengenezaji kuvitaja viini hivi kwenye lebo. Ukiona maneno *eugenol*, *cinnamal* na *limonene*, sasa unajua ni nini.

Naweza kupaka na kutoka juani?

Inategemea tunda la juu. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa, danzi na bergamoti yana viini vinavyoamshwa na jua. Ngozi huungua na kuacha alama nyeusi zinazokaa miezi. Balungi ina kidogo. Chungwa tamu na chenza ni salama zaidi, na ndimu iliyokenekwa kwa mvuke haina shida hiyo. Wapo wanaouza bergamoti iliyotolewa viini hivyo, na watengenezaji makini huitumia. Kama muuzaji hajui kilichomo, paka mahali nguo inapofunika.

Naweza kuongeza mwenyewe mafuta halisi ya karafuu ili uwe mkali?

Naomba usifanye hivyo. Mafuta ya karafuu yasiyopunguzwa huunguza ngozi, na tone unaloliona dogo linaweza kuuzidi mchanganyiko wote. Ukiutaka mkali zaidi, nunua uliotengenezwa mkali.

Vipi kwa watoto na wajawazito?

Mtoto mchanga asipakwe uturi wa viungo, hata utosini, hata tone. Chupa ziwekwe juu: mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto yanaweza kumdhuru ini na kumpotezea fahamu, akimeza ni hospitali mara moja, na usimtapishe. Kwa mjamzito, miezi ya kwanza harufu ya viungo huweza kuleta kichefuchefu. Apake kwenye nguo, na kama ana shaka yoyote amuulize mkunga au daktari wake.

## Kununua na kuhifadhi

Nijaribuje dukani?

Usinuse zaidi ya aina tatu. Chagua moja, ipake ndani ya kiwiko, ondoka. Zunguka Darajani au Kariakoo, fanya shughuli zako, kula. Unuse baada ya nusu saa, baada ya saa moja na nusu, na ukifika nyumbani. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakulazimisha kununua papo hapo, anajua utarudi. Hatua unazozitafuta zimeelezwa katika swali la kwanza la sehemu ya mabadiliko.

Nitajuaje umechanganywa na mafuta ya kupikia?

Weka tone kwenye karatasi nyeupe, acha mpaka kesho. Mafuta ya mimea ya kula huacha duara linalopitisha mwanga lisilokauka. Lakini jojoba pia huacha duara, na sandali nzito huacha alama, kwa hiyo kipimo hiki peke yake si hukumu. Harufu ya mafuta yaliyochacha baada ya wiki kadhaa ni ushahidi mzito zaidi.

Umekuwa mweusi. Umeharibika?

Weusi peke yake, hapana. Vanila na karafuu hutia giza kadiri miezi inavyopita, na uturi wa aina hii mara nyingi huwa mtulivu na mzuri zaidi baada ya kukaa. Kinachokufa kwanza ni ganda la machungwa. Ukifungua na kukutana na harufu kali kama ya rangi ya mafuta au ya tapentaini, limonini imezeeka. Mbali na kunuka, imekuwa ya kuleta mzio. Usiupake tena.

Hifadhi kwenye kioo cheusi, kizibo kimekazwa, kabatini. Bafuni kuna mvuke, na dashibodi ya gari ni tanuri.

## Hali za pekee

Naweza kusali nao? Na katika Hija?

Uturi usio na spiriti huvaliwa msikitini tangu zamani, na wengi huuchagua kwa sababu hiyo hasa. Aliyekwisha nuia ihramu, awe wa Hija au Umra, hapaki manukato ya aina yoyote mpaka atoke katika ihramu, na uturi umo.

Nimepaka mwingi na nina safari ya basi. Nifanyeje?

Pamba na mafuta ya kula, futa, rudia na pamba nyingine, kisha sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Kujipulizia kitu kingine juu yake hakufichi karafuu. Na ikiwa ndani ya gari kuna mtu mwenye pumu, fungua dirisha bila kungoja aombe.

Tangu niugue Korona harufu za viungo zimegeuka, zinanuka kuungua. Nitaipata tena?

Wengi huipata, taratibu. Yapo mazoezi ya pua ambayo madaktari wa masikio, pua na koo huyapendekeza: kunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kila moja sekunde chache kwa utulivu, huku ukiikumbuka ilivyokuwa, kwa miezi kadhaa. Zile nne zilizotumika tangu mwanzo ni waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Tumia kila harufu peke yake, si uturi uliochanganywa, kwa sababu pua inahitaji kujifunza kimoja kimoja. Karafuu kavu chache ndani ya kikopo zinatosha. Zikipoteza makali, zivunje vichwa au weka nyingine. Uturi wako utie kabatini kwa sasa. Siku karafuu ya kikopo itakaponukia karafuu, ndipo uufungue, na uanze na tone moja.